Mwalimu wa Maigizo na Utambi Unaoungua Bila Mafuta

Wahenga wetu walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu mwenye majivuno. Leo tunaitumia kumfikiria mtu ambaye hana majivuno, ila ana bidii iliyopita kiasi, naye ni mwalimu wa michezo ya kuigiza katika shule zetu.

Kila mzazi anamfahamu mwalimu huyu, hata kama hajui jina lake. Ndiye anayesimama kando ya jukwaa siku ya wazazi, jasho likimtoka, mkononi ameshika karatasi zilizokunjamana, huku midomo yake ikicheza kufuatisha maneno ya watoto. Mchezo ukiisha watu hupiga makofi, mgeni wa heshima hutoa pongezi zake, na watoto hukimbilia kwa wazazi wao. Mwalimu hubaki nyuma kukusanya kanga zilizoazimwa, mikuki ya mbao na viti. Kesho yake asubuhi yumo darasani, anafundisha Kiswahili au historia kama kawaida.

Swali letu ni hili: mwalimu huyu ataweza kuifanya kazi hiyo kwa miaka mingapi? Na siku atakapoitupa, ni nani atakayepata hasara?

HESABU YA MIAKA

Mtumishi wa umma wa kawaida nchini Tanzania hustaafu kwa lazima afikapo umri wa miaka 60, ingawa anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Mwalimu aliyeanza kazi akiwa na miaka 25 ana miaka 35 mbele yake. Sasa na tufanye hesabu ndogo. Chukulia kwamba huandaa michezo miwili tu kila mwaka, na kila mchezo una majuma manane ya mazoezi, jioni tatu kwa juma, saa mbili kila jioni. Hizo ni saa 48 kwa mchezo mmoja, na saa 96 kwa mwaka. Katika miaka 35 atakuwa ametumia saa 3,360 katika mazoezi peke yake. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, utapata siku 420, yaani zaidi ya mwaka mzima usiokuwa na Jumapili wala sikukuu.

Hapo hatujahesabu saa za kuandika mchezo, kutafuta maleba, kupaka rangi pazia, kusuluhisha ugomvi wa waigizaji, wala kumbembeleza baba ambaye hataki binti yake aonekane jukwaani. Tena saa hizo zote ni nyongeza. Vipindi vya darasani viko palepale, na madaftari ya kusahihishwa yanamngojea mezani.

Mtu anaweza kusema: basi na aache, kwani maigizo si jambo la lazima. Hoja hiyo ni nyepesi. Sanaa ya maonyesho imekuwa chombo cha elimu katika nchi yetu kwa muda mrefu. Baada ya mwaka 1967 ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizikuza, zilienea shuleni hata ikawa nadra kukosa ngonjera katika sherehe yoyote. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alituandikia Kinjeketile, tamthilia inayohusu Vita vya Majimaji, na wanafunzi wengi wameijua historia ile kwa kuitamka kwa vinywa vyao wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho katika miaka ya 1960, na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, nacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mtoto mwenye haya hupata sauti yake jukwaani. Mtoto mtundu hujifunza kungoja zamu yake. Haya si mambo ya kutupwa.

Lakini katika shule nyingi kazi hiyo haishikwi na mtu aliyesomea sanaa. Hushikwa na mwalimu wa lugha aliyejitolea siku moja kwa mapenzi, kisha jambo alilojitolea likageuka kuwa wajibu wake wa daima.

DALILI ZA KUCHAKAA

Mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa saikolojia huko New York, Marekani, aitwaye Herbert Freudenberger, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa watu waliojitolea kuhudumia wenzao katika zahanati. Walianza kazi wakiwa na moyo mkubwa, na baada ya muda wakabaki kama nyumba iliyoungua ndani huku kuta zimesimama. Baada yake Christina Maslach, mtaalamu wa saikolojia wa California, aliichunguza hali hiyo kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba ina nyuso tatu.

Uso wa kwanza ni uchovu usioondoka kwa usingizi. Mwalimu analala Ijumaa akiwa amechoka, anaamka Jumatatu akiwa amechoka vilevile. Uso wa pili ni kuwa mgumu wa moyo kwa wale anaowahudumia. Mwalimu aliyekuwa akimjua kila mwigizaji kwa jina na kwa shida za nyumbani kwao sasa huwaona wote kama mzigo, na ulimi wake umekuwa mkali. Uso wa tatu ni kuona kwamba kazi yake haina faida yoyote. Hata anapopigiwa makofi hayamwingii.

Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii mwaka 2019 katika orodha yake mpya ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika Januari 2022. Shirika hilo halikuiita ugonjwa. Liliitaja kuwa ni hali itokanayo na kazi, pale msongo wa kazini unapoendelea muda mrefu bila kudhibitiwa. Maelezo hayo ni muhimu kwetu. Yanatufundisha kwamba mwalimu aliyechakaa si mvivu wala si dhaifu. Tatizo liko katika namna kazi yake ilivyopangwa, na kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa kumwambia tu apumzike kidogo halafu arudi kwenye mambo yaleyale.

Hata hivyo tahadhari inatakiwa. Mtu akikosa usingizi, akapoteza hamu ya chakula na ya mambo yote aliyokuwa akiyapenda, akaona maisha hayana maana, na hali hiyo ikadumu zaidi ya majuma mawili, asijifariji kwamba ni uchovu wa kazi. Na aende hospitali amwone daktari. Na ikiwa anafikiria kujidhuru, asingoje hata siku moja.

KWA NINI KAZI HII HULA MTU

Kila kazi huchosha, lakini ya mwalimu wa maigizo ina mambo yake.

La kwanza, kazi hii haina mpaka. Mwalimu wa hesabu hujua kwamba kipindi kimekwisha kengele ikilia. Mazoezi ya mchezo hayaishi, kwa kuwa daima kuna sehemu inayoweza kuchezwa vizuri zaidi. Asiyejiwekea mpaka yeye mwenyewe hatawekewa na mtu.

La pili, ni mashindano. Tuwatazame jirani zetu wa Kenya, ambako tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza la shule na vyuo lilianza mwaka 1959. Huko kikundi hupambana ngazi baada ya ngazi hadi fainali za taifa, ambazo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Aprili. Tamasha hilo limezaa waigizaji na waandishi wengi, na ni fahari ya nchi hiyo. Lakini kwa mwalimu kila ushindi maana yake ni majuma mengine ya mazoezi na safari nyingine. Akishinda, mwaka ujao atatakiwa ashinde tena. Akishindwa, ataulizwa sababu.

La tatu, ni hofu ya maneno. Jukwaa husema mambo, na wengine hawapendi yasemwe. Mwezi Aprili 2025, mjini Nakuru, wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere waliondoka jukwaani bila kucheza mchezo wao uitwao Echoes of War, baada ya mzozo uliofika hadi mahakamani, na polisi walitumia mabomu ya machozi kuwatawanya watu. Si kila mwalimu atakutana na jambo zito kama hilo. Lakini kila mwalimu wa maigizo amewahi kulala akijiuliza kama sentensi moja katika mchezo wa watoto itamletea matatizo.

La nne halisemwi sana, nalo ni majonzi ya kuachana. Mwalimu huchukua mtoto wa kidato cha kwanza asiyeweza kusimama mbele ya watu watatu. Humlea hadi anapokuwa mwigizaji wa kutegemewa. Ndipo mtoto huyo anapomaliza shule na kuondoka. Mwaka unaofuata mwalimu huanza upya na watoto wengine wanaotetemeka. Mwaka wa tatu au wa nne jambo hili humpa furaha. Mwaka wa 15 linaweza kumkatisha tamaa, asipojua namna ya kulipokea.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Dawa ya kwanza ni kugawana kazi. Walimu wengi wa maigizo huwa waandishi, waongozaji, washonaji, mafundi seremala na wapokea fedha kwa wakati mmoja. Hufanya hivyo kwa kuamini kwamba hakuna mwingine atakayefanya vizuri. Imani hiyo ndiyo sumu yenyewe.

Hapa tunao mfano mzuri wa nyumbani. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye pia ni mwandishi wa tamthilia, alikuwa mstari wa mbele kuanzisha mpango wa TUSEME katika shule za sekondari. Katika mpango huo wanafunzi wenyewe, hasa wasichana, huyachambua matatizo yanayowazuia katika masomo yao, huyatungia mchezo, huucheza mbele ya wenzao na walimu, kisha wote hujadiliana juu ya njia ya kuyatatua. Mpango huo ulikusudiwa kuwapa wasichana sauti, na baadaye ulienea katika nchi nyingine za Afrika. Lakini ndani yake mna somo kwa mwalimu aliyechoka: mchezo si lazima utoke kichwani mwake. Wanafunzi wakiwa ndio watungaji, mwalimu hubaki kuwa mshauri, na kubwa ni kwamba watoto hujifunza zaidi.

Basi, kila kikundi na kiwe na msimamizi wa jukwaa aliye mwanafunzi, mtunza maleba, mkumbushaji wa maneno, mpiga ngoma mkuu na katibu wa kuandika mahudhurio. Wanafunzi wa vidato vya juu na wawafundishe wadogo zao sehemu za mwanzo za mazoezi. Hapo ndipo majonzi ya kuachana yanapopungua, maana anayeondoka huwa amekwisha kumwachia mwingine ujuzi wake.

Mwalimu mwenzake naye asisahauliwe. Mwalimu wa ufundi ana misumari na mbao. Mwalimu wa maarifa ya nyumbani ana cherehani. Wakishirikishwa mapema, tena kwa heshima, wengi hukubali. Wakiitwa dakika ya mwisho, hukasirika, na wana haki ya kukasirika. Vilevile maandishi ya mchezo na yapelekwe kwa mkuu wa shule mapema, yasomwe na kujadiliwa, ili likitokea neno lolote lisimwangukie mtu mmoja.

KUUPANGA MWAKA

Dawa ya pili ni kalenda. Mkulima hapandi mwaka mzima. Ana majira ya kulima, ya kupalilia, ya kuvuna na ya kuiacha ardhi ipumzike. Mwalimu wa maigizo na afanye hivyohivyo. Mwanzoni mwa mwaka akae na mkuu wa shule na kukubaliana idadi ya maonyesho. Mchezo mmoja mkubwa na onyesho moja dogo vinatosha. Likija ombi la tatu, kwa mfano kumpokea mgeni asiyetarajiwa, mwalimu awe na uwezo wa kusema bila woga kwamba halimo katika mpango, au kwamba kikundi kitarudia kile kilichokwisha kuchezwa.

Siku za mazoezi ziwe zinajulikana, na saa ya kumaliza iheshimiwe kama ile ya kuanzia. Mazoezi ya saa moja na nusu yaliyopangwa vizuri huzidi ya saa tatu ambayo nusu yake hutumika kungojana. Majuma mawili kabla ya mitihani pasiwe na mazoezi kabisa. Jambo hili huwasaidia watoto, humsaidia mwalimu, na hufunga midomo ya wale wasemao kwamba maigizo yanaua masomo.

Ipo pia busara ya kubadili aina ya kazi. Mwaka huu tamthilia ndefu, mwaka ujao ngonjera na vichekesho vifupi, mwaka wa tatu ngoma na hadithi za wazee wa mtaani. Mchezo uliowahi kuchezwa miaka sita iliyopita unaweza kurudiwa, kwa sababu wanafunzi wote ni wapya. Si aibu kurudia. Kinjeketile imechezwa mara nyingi sana, na bado watu huitazama.

Aidha mwalimu na awe na sanduku na daftari. Ndani ya sanduku aweke maleba na vifaa ili asianze kuazima upya kila mwaka. Ndani ya daftari aandike kila mchezo: nani alicheza nini, kitu gani kilifaa, kitu gani kiliharibika. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa hazina. Siku moyo utakapomwambia kwamba hajafanya lolote maishani, atalifungua na kuyasoma majina.

SAUTI NA MWILI

Sauti ndiyo jembe la mwalimu huyu, nalo huvunjika. Saa nyingi za kusema darasani, kisha kupiga kelele jioni uwanjani penye vumbi, huumiza koo. Hapana haja ya kupiga kelele. Kigoma kidogo, filimbi au makofi matatu yanaweza kuwa ishara ya kunyamaza, na watoto huzoea upesi. Mwalimu awe na chupa ya maji karibu naye na anywe mara kwa mara. Awaonyeshe waigizaji kwa vitendo kuliko kwa kulikariri kila neno mwenyewe. Sauti ikikauka na kubaki hivyo kwa zaidi ya majuma matatu, hapana budi kwenda kwa daktari.

Chakula nacho ni shida ya kweli. Wengi hufanya mazoezi ya jioni wakiwa na kikombe cha chai tu tangu asubuhi. Njaa humfanya mtu awe na hasira, na hasira hiyo huwashukia watoto. Muhogo, ndizi au karanga kabla ya mazoezi ni kitu kidogo, lakini huweza kuokoa jioni nzima.

MLANGO WA NYUMBANI

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa jamaa, hatuwezi kuipita nyumba ya mwalimu bila kubisha hodi. Ni kawaida kwamba mwalimu wa maigizo huwajua watoto wa watu kuliko wanawe. Anajua ni nani katika kikundi anayeogopa giza, lakini hajui kwamba mwanawe ana jeraha mguuni tangu juzi. Na ikiwa mwalimu ni mama, kazi humngojea mara mbili, maana baada ya mazoezi hukuta jiko halijawashwa.

Wanandoa na wakae chini wazungumze mapema, si siku ya ugomvi. Majuma ya mwisho kabla ya maonyesho yafahamike nyumbani kama yanavyofahamika shuleni, na katika majuma hayo mume, mke, watoto wakubwa au ndugu wagawane kazi za nyumba. Baada ya maonyesho ziwepo siku ambazo ni za jamaa, na hakuna mwanafunzi wala kiongozi atakayezigusa. Tena ni vizuri jamaa waje kuutazama mchezo. Mtoto aliyemwona baba au mama yake akipigiwa makofi ataelewa kwa nini jioni zile zilikuwa ndefu.

Mwalimu naye awe na jambo jingine la kupenda lisilohusu jukwaa: bustani ya mchicha, bao kibarazani, kwaya, au kutembelea wazee. Mtu mwenye furaha moja tu huwa maskini siku ile moja inapomwudhi.

DENI LETU

Tusimwachie mwalimu peke yake kazi ya kujiokoa. Mkuu wa shule anaweza kumpunguzia vipindi viwili vitatu katika muhula wa maonyesho, na kuyaandika mazoezi katika ratiba kama kazi halali. Kamati ya wazazi inaweza kutenga fedha kidogo za maleba na nauli, ili mwalimu asitoe mfukoni mwake. Mzazi aliye fundi cherehani, seremala au dereva anaweza kutoa siku moja kwa mwaka. Na sote tunaweza kumpelekea mwalimu neno la shukrani siku ambayo si ya sherehe. Neno hilo halina gharama.

Kubwa zaidi ni kumpa mrithi. Kila shule yenye mwalimu mkongwe wa maigizo na imweke kijana karibu naye, afanye naye kazi miaka miwili au mitatu, si kumngoja mzee astaafu ndipo atafutwe mtu. Mzee akiondoka ghafla, huondoka na nyimbo zake, michezo yake na ujuzi wake wote. Sanduku hufungwa, panya wakala maleba, na watoto wenye haya wa mwaka ule hawapati wa kuwasimamisha jukwaani.

Utambi mzuri hauwaki kwa nguvu zake wenyewe. Huwaka kwa mafuta yaliyomo ndani ya kibatari, na mafuta hayo hutiwa na wenye nyumba. Basi, ndugu msomaji, ikiwa shuleni kwa mwanao yupo mwalimu wa namna hii, mwulize juma hili anahitaji nini. Huenda jibu likawa kanga mbili za kuazima, au mtu wa kumsaidia kubeba viti.